Grafu yenu ya filta imeficha kitu muhimu kuliko vyote

Ndugu Mhariri,

Nimesoma makala yenu ya ukurasa wa sayansi kuhusu kutengeneza kifaa cha kupima floresensi (mwanga ambao kitu kinautoa kikipigwa na mwanga mwingine), ile yenye picha ya boksi jeusi na taa ya LED ya bluu, na kwanza niseme nimefurahi sana maana ni mara chache gazeti la Kiswahili linagusa mambo haya, mi kazi yangu ni kutengeneza na kurekebisha vifaa vya maabara na kila siku nashinda na filta mkononi, yaani vile vioo vya kuchuja mwanga. Lakini kuna sentensi mbili na grafu moja zimeninyima raha tangu nisome, nimeona nikikaa kimya nitakuwa sijawatendea haki vijana watakaoichukua makala ile na kwenda kujenga kitu.

Sentensi ya kwanza inasema filta ni kioo cha rangi tu na hata selofeni ya njano inatosha. Ya pili inasema ukipata filta inayopitisha kijani kwa zaidi ya asilimia 90 basi umemaliza kazi. Alafu chini yake mkaweka grafu, mstari unapanda kama mnara pale kwenye nanomita 525 (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga, ndo unaoamua rangi) na pembeni kote umelala chini kwenye sifuri, msomaji anaona sifuri anaamini ni sifuri. Sio sifuri jamani. Hapo ndo tatizo lote lilipo, manake kwenye floresensi filta hununui kwa sababu ya inachopitisha, unainunua kwa sababu ya inachozuia, na ile sehemu iliyolala chini ndo bidhaa yenyewe unayolipia.

Naomba nieleze kwa hesabu kwasababu bila hesabu nitaonekana nabishana tu. Chukua floresini, ile rangi inayong'aa kijani ambayo watu wengi wanaanza nayo, inameza mwanga vizuri zaidi kwenye nanomita 494 hivi na inatoa mwanga wake kwenye 520 hivi. Mwanga unaotoka una urefu wa wimbi mrefu kuliko ulioingia, jambo hilo George Gabriel Stokes alilieleza mwaka 1852 na hata neno floresensi ni yeye aliyelianzisha, ndo maana ule umbali kati ya kilele cha kumeza na kilele cha kutoa mpaka leo unaitwa kwa jina lake. Kwa floresini umbali huo ni kama nanomita 25 tu, kidogo sana, na filta zako zote lazima zifanye kazi ndani ya kaupenyo hako.

Sasa weka floresini ya nanomoli 1 kwa lita kwenye kichupa chenye upana wa sentimita 1 alafu piga fotoni, yaani chembe za mwanga, milioni moja za bluu. Zitakazomezwa ni kama 170 tu, zilizobaki zote zinapita moja kwa moja kama vile hakuna kitu. Katika hizo 170 zitarudi kama 150 hivi za kijani, floresini ni rangi nzuri haipotezi sana ili mradi maji yasiwe na asidi, lakini fotoni za kijani zinatawanyika pande zote na lenzi yako ya kawaida inadaka labda 3 katika kila 100. Kwa hiyo mkononi unabaki na fotoni 4 au 5. Tano, Mhariri, kati ya milioni moja ulizopiga! Na wakati huo huo kila uso wa kioo unaokutana na hewa unarudisha kama asilimia 4 ya mwanga, ina maana kama taa na detekta (kile kinachopima mwanga) vyote viko upande mmoja basi uso mmoja tu unakurushia fotoni 40,000 za bluu. Tano za kijani dhidi ya elfu arobaini za bluu, na huo ni uso mmoja tu.

Ndo hapo inakuja OD, kifupi cha optical density. Hiki ni kipimo cha uzuiaji na kinahesabiwa kwa makumi, OD 1 inapitisha moja ya kumi, OD 2 moja ya mia, OD 4 moja ya elfu kumi, OD 6 moja ya milioni. Kwa hesabu yetu filta ya OD 2 itaziacha fotoni 400 za bluu zipite na zile 5 zako zitapotelea humo, OD 4 itaacha 4 yaani nusu ya unachosoma ni uongo, OD 6 ndo unapata usingizi. Sasa rudi kwenye grafu yenu yenye asilimia kuanzia 0 hadi 100. OD 2 kwenye grafu hiyo ni asilimia 1, OD 6 ni asilimia 0.0001, na kwa unene wa wino wa gazeti vyote viwili vinakaa sehemu moja, pale chini. Filta mbili zinazotofautiana mara elfu kumi zinaonekana mapacha. Mtu akinunua kwa kuangalia grafu ya aina hiyo ananunua akiwa amefumba macho.

Hili halijanitoka kichwani tu, limenikuta. Miaka kadhaa iliyopita niliagiza filta kutoka kwa muuzaji mmoja, ikaja na karatasi yenye grafu kama yenu kabisa, kilele asilimia 93, pembeni safi. Nikaifunga mbele ya detekta, nikaweka kichupa cha maji matupu nikasoma 812. Nikatoa, nikaweka kichupa chenye floresini, nikasoma 829. Nikarudia tena na tena, maji 812, rangi 829, maji 810, rangi 828. Nilibadilisha detekta, nikaosha vichupa upya, nikashuku umeme unayumba, nikaziba kila tundu la boksi kwa tepu nyeusi, siku tatu nzima na namba haziendi popote. Siku ya nne nikazima taa za chumba, nikamulika karatasi nyeupe kwa ile LED, karatasi ikawa bluu kali, alafu nikashika filta karibu na jicho nikaiangalia ile karatasi kupitia filta. Nilitegemea kuona giza. Niliona duara la kijani, hafifu lakini la kijani kabisa, na hapo hakuna floresini yoyote ni karatasi tupu na taa inayoitwa ya bluu. (Anayetaka kujaribu aangalie karatasi, asiangalie taa yenyewe, hizi LED zina nguvu zinaumiza macho, na karatasi isiwe ile nyeupe ya dukani yenye dawa ya kung'arisha kama taa yako ni ya urujuanimno kwasababu dawa hiyo nayo inang'aa.)

Kumbe LED ya bluu sio bluu tupu. LED ya 470 ina kilele pale 470 lakini ina upana, na mkia wake unatambaa mpaka 520 na kuendelea, ukitazama kwa macho huuoni kwasababu bluu inakuzidi nguvu. Huo mkia ni kijani halisi, na filta ya detekta haina namna ya kuutofautisha na kijani cha floresini kwasababu kijani ni kijani, hata ukinunua OD 6 au OD 8 haisaidii kitu. Mkia ukiwa sehemu moja tu katika elfu, kwenye milioni yetu hizo ni fotoni 1,000, na uso mmoja tu wa kioo unarudisha 40 kati yake mahali ulipotegemea tano. Kwa hiyo taa nayo lazima iwe na filta yake ya kuikata mkia kabla mwanga haujagusa kichupa, na makala yenu ilisema kinyume, kwamba LED ina rangi moja kwa hiyo haihitaji filta. Tafadhali lisahihisheni hili hata kama mengine yote mtayaacha.

Nilipoweka filta ya 470/40 mbele ya taa maji yakashuka kutoka 812 mpaka 240. Afadhali, lakini bado. Ile 240 iliyobaki ikabidi nijue inatoka wapi, nikachukua filta ya pili inayofanana na ile ya detekta nikaiweka nyuma yake nikaiinamisha kidogo tu ili zisirudishiane mwanga, maji yakaanguka mpaka 9 na floresini ikasoma 21. Kwa mara ya kwanza namba mbili zilizoachana kweli. Ina maana filta ile ya kwanza ilikuwa inavuja bluu, na nilipomwandikia muuzaji nikimuomba namba za OD akanijibu ni wastani wa OD 2. Hakudanganya popote, karatasi yake haikusema kitu kuhusu OD, na mi sikuuliza. Ndo maana nawaandikia nyie.

Niseme kidogo kuhusu zile namba kwasababu makala iliziruka. 470/40 maana yake katikati ni 470 na upana ni 40, kwa hiyo inapitisha kuanzia 450 hadi 490, na 525/50 inapitisha 500 hadi 550. Kati ya 490 na 500 kuna pengo la nanomita 10 na pengo hilo ni uhai wa kifaa chako. Kama kuna kioo cha daikroiki cha kurudisha bluu na kupitisha kijani basi ukingo wake unakaa hapo ndani, 495, ila kioo hicho peke yake hakizuii vya kutosha msikitegemee. Kabla ya kununua chochote chukua data ya filta zote mbili, sio picha, faili la namba, jumlisha OD zao kwa kila nanomita kuanzia mwanzo mpaka mwisho wa kile detekta yako inachoweza kuona, popote jumla inaposhuka chini ya 5 au 6 jua hapo patavuja. Kazi ya dakika kumi kwenye programu ya mahesabu. Filta mbili zinaweza kuwa nzuri kila moja peke yake na zikawa ovyo zikikaa pamoja.

Kuna jambo la pembe ambalo linawaumiza hata watu wenye uzoefu. Filta hizi sio kioo kilichotiwa rangi, ni tabaka nyembamba sana nyingi za madini mawili zilizopangwa kwa zamu, silika, oksidi ya tantalamu, silika, oksidi ya tantalamu, na mwanga unaorudishwa na kila tabaka unakutana na wa tabaka jingine, ama unaongezana ama unafutana, kama rangi za povu la sabuni. Sasa ukiinamisha povu rangi inabadilika na filta ni hivyo hivyo, mwanga ukiingia kwa mshazari bendi nzima, yaani eneo la rangi ambalo filta inalipitisha, inahamia upande wa bluu. Shika filta ya njano kwenye mwanga wa dirisha uiinamishe polepole utaiona ikigeuka kijani mbele ya macho yako. Kwa filta ya kawaida mwanga ukiingia kwa digrii 20 ile 525 inakuwa 517 hivi, kwa digrii 30 inakuwa 508. Na ukingo wa chini uliokuwa 500? Kwa digrii 30 umefika 484. Lakini filta ya taa inapitisha mpaka 490! Pengo limekwisha, bluu inaingia kwa mlango wa mbele, na kwenye karatasi ya muuzaji kila kitu bado kinaonekana OD 6 kwasababu yeye amepima kwa mwanga uliosimama wima.

Mchoro wenu una LED bila lenzi, iko sentimita moja kutoka kwenye filta, na filta ya detekta imebandikwa moja kwa moja kwenye kichupa. Hapo mwanga unaingia kwa kila pembe mpaka digrii 60. Dawa yake ni lenzi ya kunyoosha mwanga kwanza, filta ikae mahali ambapo miale inakwenda sambamba, au kama huna lenzi isogeze mbali uweke na tundu dogo, utapoteza mwanga ndio lakini utakaobaki utakuwa wa kuaminika. Ndani ya digrii 10 huna wasiwasi mkubwa. Na ukingo wa filta uzibwe vizuri pembeni kwa kitu cheusi, nimeshaona mtu anahangaika na OD wakati bluu inapita kwenye mwanya kati ya filta na kishikio chake, na rangi nyeusi ya plastiki iwe ile isiyometameta.

Infraredi nayo, ule mwanga uliopita nyekundu tusiouona. Jicho letu linaishia 700 hivi, lakini detekta za silikoni na kamera nyingi za viwandani zinaona mpaka karibu 1100, na filta nyingi za bei ya chini zinazuia vizuri mpaka 700 au 800 alafu zinafunguka wazi. Ukitumia taa ya halojeni, ambayo sehemu kubwa ya nguvu yake inatoka kwenye infraredi, detekta itakuwa inasoma joto la taa tu. Zile leza ndogo za kijani za kuelekezea ubaoni ni hatari zaidi maana kijani chake cha 532 kinatengenezwa kutoka kwenye mwanga wa 808 na 1064, na nyingi zinauachia huo mwanga utoke pamoja na kijani bila wewe kuuona. Na ile selofeni mliyoisifia inafyonza bluu kiasi na inaiacha infraredi ipite karibu yote. Niwe mkweli, kwa kuangalia kwa macho mistari yenye rangi kali kwenye jeli ya kutenganishia DNA, plastiki ya njano au ya chungwa inasaidia kabisa na watu wanaitumia kila siku. Ila kwenye kupima namba kwa detekta, hapana. Tena plastiki na vioo vyenye rangi ndani yake vinaweza kung'aa vyenyewe vikipigwa bluu kali, kwa hiyo ukiwa nacho kiweke nyuma ya filta ya tabaka, kisiwe cha kwanza kuikabili sampuli.

Kuhusu upana, naona watu wanadhani filta nyembamba ndo bora kwasababu inaonekana makini. Floresini imetandaza mwanga wake kuanzia 500 mpaka kupita 580, ukiweka filta yenye upana wa 10 unautupa mwingi wa mwanga ulioutafuta kwa jasho lote lile, zile tano zinabaki moja. Kama una rangi moja tu na maji masafi weka pana, 40 au 50. Ukiwa na rangi mbili au tatu kwenye kichupa kimoja kama wanavyofanya kwenye mashine za PCR (za kunakili DNA), hapo ndo unabana, kwasababu mkia wa floresini unaingia kwenye eneo la rangi inayofuata na utahesabu kitu ambacho hakipo. Ukiwa na majani au maji yenye mwani kaa mbali na 680 kwasababu klorofili inang'aa nyekundu pale. Na hata maji matupu yana mwanga wake, sio floresensi ni mtawanyiko wa Raman, ukipiga 488 maji yanarudisha kidogo kwenye 585 hivi, mwanga huo filta yoyote inayopitisha 585 itaupitisha na ni halali yake. Kwa hiyo usifungue filta mpaka 600 kwa tamaa ya kukusanya zaidi.

Unapoandika kwa muuzaji uliza OD ni ngapi, kuanzia nanomita ngapi mpaka ngapi, imepimwa kwa pembe gani, na je ni OD ya chini kabisa au ya wastani, kwasababu wastani wa OD 6 unaweza kuwa na shimo la OD 3 mahali fulani na shimo hilo likaangukia kwenye taa yako. Akikuletea picha tu yenye asilimia mrudishie muombe faili. Aliye makini analo, na analituma siku hiyo hiyo.

Ombi langu kwenu, Mhariri, ni dogo. Chapisheni upya ile grafu, filta ile ile, ila mstari wa pembeni uwe OD kuanzia 0 hadi 7 badala ya asilimia, na juu yake mchore mkia wa LED ya bluu kwa kipimo hicho hicho. Nafasi ile ile mliyotumia inatosha. Data ya kuchorea ninayo, niliyopima mwenyewe kwenye benchi langu kwa filta zote mbili na kwa ile LED, mkiihitaji nitaituma leo.

Wenu,
Msomaji, fundi wa vifaa vya maabara